Mazoezi Hayalipwi Kama Funga

Msimu wa karafuu ukiwa mkubwa, Pemba nzima hubadilisha saa zake. Asubuhi watu wako mashambani, jioni karafuu zinapimwa kwa pishi, usiku nyumba nzima imekaa jamvini kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, mpaka macho yafumbe yenyewe. Kesho yake ni kuanika, na wingu likitanda ni mbio za kuanua. Matembezi yangu ya alfajiri hapa Wete hukatika kila msimu kama huo, na sioni ajabu yakikatika. Kazi iko kwenye kuyarudisha. Nimeona wenzangu wengi wakiacha kabisa jambo walilolipenda kwa sababu tu lilisimama mwezi au miwili, na hilo linaniuma.

Kinachowashinda wengi ni deni. Sisi tumezoea kulipa: aliyekula Ramadhani kwa safari au maradhi huhesabu siku zake na kuzilipa mpaka ziishe. Basi hata tunaporudi kwenye mazoezi, au kwenye kujisomea kila usiku, tunaingia na moyo uleule. Aliyekuwa akitembea hadi Jadida anataka siku ya kwanza afike Jadida na apitilize, afidie. Jioni magoti yanamuuma, kesho hainuki, na kichwani deni limezidi. Funga ni faradhi, ina hukumu zake. Matembezi hayana hukumu hiyo. Siku zilizopita zimepita, unachodaiwa ni cha leo tu, na cha leo kiwe kidogo.

Kidogo kweli. Ninaporudi, wiki ya mwanzo naishia kwenye kona ya mtaa na kugeuka, hata siku ambayo miguu inanisukuma niendelee. Najizuia makusudi, kwa sababu ninachokijenga wiki hiyo ni kule kutoka mlangoni. Nguvu zitakuja nyuma yake. Bi Aisha (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba amali anazozipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache. Tunaisikia hadithi hii kila Ramadhani inapokwisha, nami naona inatosha kuwa mpango wa mtu yeyote anayeanza upya.

Kisha kifunge hicho kidogo kwenye jambo ambalo kwako halikatiki. Kwangu ni sala ya alfajiri. Hata usiku wa kuchambua karafuu mpaka saa saba, adhana inaadhiniwa na watu wanaamka. Tena sisi tuko karibu na Ikweta, mawio ya jua hayahami sana: tofauti kati ya miezi ni nusu saa na ushei hivi. Kwa hiyo sijiambii “nitatembea asubuhi”, maana asubuhi ni pana na ina mambo mengi. Najiambia nikishatoa salamu na kumaliza uradi, navaa soksi. Soksi zenyewe zinalala juu ya kiti kilicho kando ya msala, raba ziko mlangoni zimeshalegezwa kamba. Haya nayatayarisha usiku, kwa sababu alfajiri sitaki kufikiri chochote. Kutafuta soksi gizani, huku watoto wamelala, kumewarudisha watu wengi kitandani.

Wapo wanaokwambia siku 21 zinatosha kujenga tabia. Msiwasikilize. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoesha jambo moja dogo baada ya jambo jingine la kila siku, kwa mfano kunywa maji baada ya kula. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: wastani ulikuwa kama siku 66, na makadirio yalitofautiana kutoka siku 18 hadi 254. Lililonifurahisha zaidi ni kwamba kukosa nafasi moja hakukuharibu kilichokwisha kujengwa. Basi ukilala siku moja kwa homa, hujaanguka. Endelea adhana inayofuata.

Usingoje tarehe. Januari mosi hapa kwetu vikundi vya mazoezi hujaa barabarani, na ni siku nzuri sana. Lakini anayeingoja kuanzia Oktoba amejinyima miezi mitatu. Vivyo hivyo “nikishauza karafuu” na “baada ya Sikukuu”, kwani Sikukuu yenyewe ina mosi, pili, tatu na nne.

Kuna na kuona haya. Ukirudi kikundini utaulizwa, “Shoga, umepotelea wapi?” Swali ni la mapenzi, ila kuna anayelikwepa mpaka asirudi tena. Mimi najibu, “Nilikuwa karafuuni, twendeni,” na tunakwenda. Maelezo marefu hayahitajiki na hakuna anayeyataka. Ukiwa wewe ndiye unayeuliza, mwenzio akirudi mpe salamu, mpunguzie mwendo, basi.

Masika mvua ikishika, zungukeni ukumbini hata dakika tano. Ramadhani hamishieni baada ya tarawehe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mwongozo wake wa mwaka 2020 unasema wazi kwamba kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Wenye presha, na hasa wanaotumia dawa za sukari, wazungumze na daktari kabla ya kurudi kwenye mwendo wao wa zamani. Kutembea alfajiri na tumbo tupu juu ya dawa kunaweza kuishusha sukari ghafla, kwa hiyo ulizeni mle nini kwanza, na msitoke peke yenu.