Shangazi, Nifunge Safari au Nisubiri? (Barua za mwisho wa 2021, wakati wa korona)

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi na kufanya kazi ugenini, sasa ni mwaka wa saba. Mara ya mwisho kumwona mama ana kwa ana ilikuwa Januari 2018, na nilikwenda peke yangu. Tulipanga kwenda wote mwaka 2020, tiketi zikiwa tayari, korona ikaja, mipaka ikafungwa. Mwaka huu wa 2021 nimepata likizo ya wiki tatu kuanzia tarehe 18 Desemba.

Mama ana miaka 74, ana kisukari na presha. Kila nikimpigia simu ananiambia, "Njoo nikuone mwanangu, macho haya hayana mkataba." Kaka yangu anasema nije. Mke wangu anasema tusubiri, hasa baada ya habari za Omicron, ile aina mpya ya kirusi cha korona. Mimi na mke wangu tumechanja dozi mbili. Mtoto wetu mkubwa ana miaka 9, mdogo ana miaka 3, kazaliwa baada ya safari yangu ile, bibi yake hajawahi kumshika. Kibali changu cha ukaazi kinaisha mwisho wa Februari, na nikikwama huko kazi imekwenda. Silali usiku. Nifunge safari au nisubiri?

Mwana wa Mbali

JIBU

Marahaba mwanangu.

Wiki tatu ni siku 21. Toa mbili za kwenda na kurudi, zinabaki 19. Sasa toa siku ambazo utakuwa umefika lakini hupaswi kumkaribia mama, maana hizo nazo zipo, na watu wengi hawazihesabu. Kirusi hiki huweza kukaa mwilini hadi siku 14 kabla ya kuonyesha dalili, ingawa kwa wengi hujitokeza siku ya tano au ya sita. Na mtu huanza kuambukiza kama siku mbili kabla hajajisikia vibaya. Kwa hiyo ile siku ya pili au ya tatu baada ya kufika, umeshaoga, umeshalala, unajiona mzima kabisa, ndiyo ninayoiogopa mimi kwa ajili ya mama yako.

Utaniambia una cheti cha PCR, kile kipimo cha korona, cha ndani ya saa 72. Mwanangu, cheti kile ni picha ya saa uliyopimwa. Foleni ya uwanja wa ndege, ukumbi wa kusubiri ndege ya pili, gari la kukutoa uwanjani, yote hayo yanakuja baada ya picha kupigwa. Ndani ya ndege yenyewe hewa huchujwa vizuri kuliko watu wanavyodhani. Mimi naogopa zaidi foleni, na ile saa ya chakula ambapo kila mtu anavua barakoa kwa wakati mmoja.

Basi tenga angalau siku saba za kukaa kando na mama, upime siku ya tano na upime tena ya saba. Katika zile 19 zimebaki 12. Kabla ya kurudi unapima tena, na hapo ndipo watu wanapokwama. Majibu yakija kuwa una kirusi, ndege inaondoka bila wewe, unakaa siku kumi au kumi na nne zaidi ukiwa na kibali kinachoelekea kuisha na mwajiri anayetazama kalenda. Kwa wiki tatu, safari hii haina hata siku moja ya akiba.

Jibu langu ni hili: nenda, ila si kwa likizo hii. Huisha kibali kwanza, hata kama ni kuomba mapema. Mwendee mwajiri sasa hivi, usingoje Januari, umwombe wiki tano, hata kama mbili kati yake hazina mshahara. Pata dozi ya nyongeza kama unakoishi wanaitoa, na uipe wiki mbili ifanye kazi mwilini. Halafu nenda peke yako.

Hili la peke yako nimelifikiria sana kabla ya kuliandika, kwa sababu najua mama anamsubiri mjukuu. Lakini mwaka huu wa 2021 mtoto wa miaka mitatu katika nchi nyingi bado hana chanjo ya kupewa, na huwezi kumwambia asimrukie bibi yake. Utakuwa na mtoto analia upande mmoja wa mlango na mama analia upande mwingine, nawe katikati. Wewe unaweza kukaa kando siku saba, yeye hawezi. Safari ya watoto iwe ya pili.

Na mke wako usimweke upande wa wanaokuzuia kumwona mama. Anaona kibali, kazi, watoto wawili, na mume aliyekwama mahali ambako hawezi kumfikia. Yuko sahihi kuogopa. Mwonyeshe hesabu, mkae nayo mezani, naye apange na wewe.

Kukwama si hadithi. Jioni ya tarehe 25 Novemba 2021 Uingereza ilitangaza kusimamisha ndege kutoka nchi sita za kusini mwa Afrika kuanzia saa sita mchana wa siku iliyofuata. Afrika Kusini ilikuwa imeliarifu Shirika la Afya Duniani juu ya aina hii mpya siku moja tu kabla. Waliokuwa wamelala na tiketi ya kesho waliamka hawana safari. Tarehe 26 hiyohiyo, ndege mbili zilizotoka Afrika Kusini zilitua Amsterdam na abiria wapatao 600, wakazuiwa saa nyingi wapimwe, na 61 wakakutwa na maambukizi. Hao wote walipanda ndege wakiwa na watu wanaowasubiri mlangoni.

Usidhani pia kwamba uraia ni ufunguo wa kila mlango. Tangu Machi 2020 hadi mwisho wa Oktoba 2021, raia wa Australia walihitaji ruhusa maalumu ili waondoke nchini mwao wenyewe, na Mei 2021 wale waliokuwa India walizuiwa kurudi kwa tishio la faini na kifungo cha hadi miaka 5. New Zealand mwaka 2021 ilifikia hatua ya kugawa vyumba vya karantini kwa kitu kama bahati nasibu, na raia walikaa mbele ya kompyuta wakiomba namba yao itoke. Kama hao wenye pasipoti wameonja hayo, wewe mwenye kibali cha kuhuishwa kila baada ya muda uwe mwangalifu mara mbili.

Naongea hivi kwa sababu nimepita pande zote mbili za jambo hili. Mwaka 2020 nilikuwa ugenini, mama yangu anaumwa, nikajiambia nisubiri mambo yatulie. Hayakutulia. Mama alifariki Juni, nikamzika kwa simu. Mpwa wangu alishika simu ile, naye mikono ikamtetemeka, nikaona miguu ya watu na vumbi, nikasikia sauti bila kujua ni ya nani. Sijawahi kumlaumu mtoto yule. Lakini nimejilaumu mimi kwa neno "nisubiri" nililolisema bila tarehe. Ndiyo maana sikwambii usubiri tu. Kusubiri kuwe na mwezi wake, na wiki yake, na mama aambiwe.

Julai 2021 nikaenda kwa baba. Ana miaka 81. Nilikaa siku saba kwenye chumba cha uani chenye mlango wake na choo chake. Chakula kiliwekwa kwenye stuli, anayekileta akiondoka ndipo nafungua. Kila jioni baba alibeba kiti chake mwenyewe, hakutaka kusaidiwa, akakiweka hatua tano kutoka dirishani kwangu. Barakoa ilikuwa ikimshuka puani, anaipandisha kwa kidole gumba, inashuka tena. Masikio yake mazito siku hizi, kwa hiyo ilibidi kupaza sauti. Siku ya tatu aliniuliza mama aliniambia nini mara ya mwisho tulipoongea kwa simu. Mambo kama hayo mtu huyasema kwa kunong'ona. Mimi niliyasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, kupitia wavu wa dirisha, nikarudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakusikia. Wadogo zangu jikoni wakanyamaza kimya. Hatukuwahi kuyaongea hayo, na sidhani tungeyaongea tukiwa tumeketi sebuleni pamoja na wageni wanaoingia na kutoka.

Siku ya nane, majibu yangu ya pili yakiwa safi, kiti kile kikahamia ndani.

Kwa hiyo usiziite zile siku saba siku zilizopotea. Na ndugu wakisema unajitenga kwa sababu umekuwa mgeni, waambie jambo hili ni la zamani kuliko wao. Mwaka 1377 mji wa Dubrovnik katika Kroatia ya leo, siku zile ukiitwa Ragusa, uliamua kwamba wanaotoka kwenye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye zikawa 40, na neno karantini linatokana na arobaini hiyo kwa Kiitaliano. Lakini wewe mweleze kaka yako mapema, kabla hujapanda ndege, chumba kipi utalala na nani hataruhusiwa kukukumbatia. Ukilisema uwanjani, umechelewa.

Kaka huyo ana kazi nyingine kubwa kuliko kukuhimiza uje. Hukuniandikia kama mama amechanja. Mtu wa miaka 74 mwenye kisukari na presha akipatwa na ugonjwa huu yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya wewe na mimi, na chanjo ndiyo inayopunguza sana uwezekano wa kulazwa na kufa. Kaka ampeleke wiki hii. Akikamilisha dozi, zipite wiki mbili, ndipo na wewe uwe njiani. Chanjo yako wewe inakukinga wewe, lakini haikuzuii kikamilifu kubeba ugonjwa ukampelekea, hata usijue kama unao. Yake ndiyo ninayoiulizia. Na sukari yake iwe imetulia. Hilo nalo lina uzito wake.

Jambo dogo ambalo lilinitoa jasho: maabara niliyopima wakati wa kurudi ilinipa majibu saa nne kabla ya ndege, na cheti kikawa na majina mawili wakati pasipoti yangu ina matatu. Nilisimama kaunta nikiomba kama mtoto. Soma cheti chako neno kwa neno kabla hujaondoka pale ulipopimwa: jina, namba ya pasipoti, tarehe, na saa uliyochukuliwa sampuli. Saa zinahesabiwa tangu kuchukuliwa sampuli au tangu majibu kutoka kutegemea nchi, na zipo zinazohesabu hadi kufika na si kuondoka. Kama unaunganisha ndege, soma pia masharti ya nchi ya katikati, hata kama hutoki nje ya uwanja. Tiketi chukua ya kubadilishwa tarehe, hata ikizidi bei.

Sasa lipo moja linalovunja hesabu zote hizi. Kaka akipiga simu kwamba mama amelazwa na hali ni mbaya, usikae na kalamu kuhesabu siku 19. Jiandae kwa hilo leo, ukiwa na akili tulivu. Pasipoti iwe hai. Nauli ya dharura ikae mahali ambapo haiguswi kwa shida nyingine. Uliza ubalozi wanataka karatasi gani kwa msafiri mwenye mgonjwa au msiba, maana nchi nyingi zina mlango huo ila wanataka barua ya daktari, na barua haipatikani usiku wa manane. Zungumza na mke wako mkubaliane kabisa: ikitokea hivyo, naondoka, hata kwa gharama ya kazi. Au siondoki. Lolote mtakalochagua, lichaguliwe kabla simu haijalia.

Na mama umwambie mwezi. Usimwambie "mambo yakitulia." Mwambie ni Machi, umwambie na wiki, na kwamba ukifika utakaa chumba cha pembeni siku saba na yeye atakuja na kiti.

SWALI

Shangazi, baba ananiambia kila siku, "Usije, kaa huko huko." Wadogo zangu wanasema anamaanisha nije. Nimsikilize nani?

Binti wa Kwanza

JIBU

Mwanangu, umsikilize baba, ila umuulize vizuri. Mpigie saa ambayo hakuna mtu chumbani, maana mbele ya watoto wake wengine atajibu kama baba wa familia. Usimuulize kama uje. Muulize anaogopa nini. Akisema anaogopa kuugua, au anaogopa wewe uugue njiani, hicho ni kizuizi cha kweli na umheshimu, usije kumshtukiza mlangoni kwa mapenzi. Akisema anaogopa utatumia fedha zako, au kazi yako itaharibika, hapo anakulinda tu, na unaweza kumwonyesha kwamba umejipanga. Akinyamaza, usimkimbize. Kaa naye kwenye simu mpaka aseme.

Kisha uniandikie alivyojibu.