Mwalimu mpya, kabla hujawaingiza watoto mtandaoni

Nikwambie ukweli mwalimu mwenzangu unayeanza, kwenye haya mambo ya kuwafundisha watoto kutumia mitandao ya kijamii, kosa la kwanza halikuwa la watoto, lilikuwa langu. Nilitaka darasa lichangamke nikafungua grupu kwenye simu, nikaingiza wote kwa namba zao, wengine namba za mama zao, wala sikuwaza kwamba kwenye grupu la hivyo kila mmoja anaona namba ya mwenzake. Wiki haijaisha binti mmoja akaanza kupigiwa usiku na mtu asiyemjua, kumbe namba ilitoka humo humo. Nikalifuta grupu siku ile ile lakini namba zilishatoka, unazirudishaje?

Sasa hivi naanza na ukuta, yaani ukuta wenyewe wa darasa. Nabandika karatasi kubwa kule nyuma, kila mtoto anajichagulia jina la utani na kuchora profaili isiyo sura yake, halafu wanaposti kwa vikaratasi na kukomenti kwa kalamu, wiki 2 hivi. Utacheka, maana vituko vyote vya mtandaoni vinatokea pale pale. Kuna mmoja aliandika kitu kibaya kuhusu mwenzake, baada ya mapumziko akaona aibu akakibandua, nikauliza nani hajakisoma, kimya, na mmoja alikuwa ameshakinakili kwenye daftari. Skrinishoti, yaani ile picha mtu anayoipiga ya kilichopo kwenye skrini, sikuhitaji tena kuieleza. Siku nyingine nikawaambia wabahatishe nani ni nani, jamani dakika chache tu karibu wote wamejulikana, huyu kaandika timu anayochezea, yule siku yake ya kuzaliwa, mwingine jina la mbwa wake (na pasiwedi yake ilikuwa huyo huyo mbwa, alikiri mwenyewe).

Umri nao uuangalie. Mitandao mingi mikubwa inasema miaka 13, na hiyo 13 mizizi yake ni sheria ya Marekani ya 1998 inayozuia kampuni kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya hapo bila mzazi kukubali, kwa hiyo ni mambo ya data, sio kwamba akifika 13 ameshakomaa. Australia tangu Desemba 2025 wamepandisha hadi 16. Usije ukamwambia mtoto wa miaka 10 adanganye mwaka wa kuzaliwa ili awahi somo lako, maana mbali na uongo wenyewe, mtandao utamhesabu mtu mzima kabla ya wakati na ule ulinzi wa akaunti za watoto hataupata.

Ukishafika kwenye intaneti yenyewe tafuta programu ya darasa ambayo wewe ndio unafungua akaunti, meseji za pembeni unaweza kuzizima na posti haitoki mpaka uipitishe, na mzazi awe ameshakubali kwa maandishi. Picha, zima lokesheni ya kamera na angalia beji ya jina isionekane. Akaunti yako binafsi wanafunzi wasiwe marafiki zako huko, hata wakikuomba vipi.

Halafu kuna siku mtoto atakuja na simu mkononi, anatetemeka, akuonyeshe kitu. Hapo wengi wetu tunaharibu, tunaanza na nani alikuruhusu kuwa na hiyo akaunti, simu inanyang'anywa, na wenzake wakiona hivyo hakuna atakayekuja tena. Mimi namkalisha, namshukuru kwa kuja, nasikiliza mpaka mwisho ndio nauliza. Meseji za matusi au vitisho tunazipiga skrinishoti kabla hajabloku, kwa sababu akibloku kwanza na yule mwingine akafuta, ushahidi umekwenda. Ila ikiwa ni picha ya mtoto akiwa uchi usiikopi, usiitume kwa yeyote hata kwa mkuu wa shule, iache kwenye simu hiyo hiyo na ukamwite mtu anayeshughulikia ulinzi wa watoto aje pale ulipo.