Panya wa maabara hawachomwi sindano kiholela

Unasema watafiti wa chuo huwafanyia panya wa maabara wanavyotaka? Hapana mkuu, mtafiti hajiamulii. Andiko lake la utafiti linapita kwanza kamati ya maadili, na hapo anabanwa hasa kwenye idadi: kwa nini panya 40, 24 hawatoshi? Ganzi gani, nani atawashika, na mnyama akizidiwa atamalizwaje bila mateso. Msingi wake ni kanuni za wanasayansi Waingereza Russell na Burch za 1959: tafuta mbadala, punguza idadi, punguza maumivu. Sheria nayo Tanzania tunayo, ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Nimekaa maabara hapa Dar, nimeona maandiko yakirudishwa kwa hesabu ya panya tu. Ila ufuatiliaji baada ya kibali, hapo ndipo pana ulegevu.