Nyaya za baharini zatua Mombasa, mbona Mtongwe intaneti bado ghali?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama huku Mtongwe. Tunasikia nyaya za intaneti zinatua hapa hapa Mombasa, lakini sisi tunanunua bando za saa moja moja, na kila tukitaka cheti cha serikali ni kwenda kulipa saiba, duka la kompyuta na intaneti. Kaunti inaitisha maoni ya mpango wa mwaka. Tumefikiria kuomba waifai ya bure sokoni. Ni wazo zuri?

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Nyaya kweli zatua kwetu: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata, na nyingine baadaye. Lakini huo ni mzigo wa jumla. Ukishafika nchi kavu husafirishwa kwa faiba, yaani nyaya za intaneti ya kasi, hadi Nairobi, Uganda na kwingineko. Kuufikisha Mtongwe ni kazi nyingine kabisa: kuchimba, nguzo, stima, vibali. Kampuni huuliza kwanza ni nyumba ngapi zitalipa kila mwezi.

Bei ya bando msiipeleke kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka mawasiliano ya simu chini ya serikali ya taifa. Kaunti ina barabara zake, mitaro, maktaba na vyuo vya ufundi vya mtaani, na hapo ndipo pa kuibana. Ombeni kila barabara ya kaunti ikichimbuliwa walaze bomba tupu la kupitisha faiba, ili kampuni yoyote iweze kulikodi. Na kampuni ikipunguziwa ada ya kuchimba, nayo iunganishe jengo moja la umma bila malipo. Barabara kuu ya Likoni–Ukunda haimo, hiyo ni ya taifa. Ila Likoni, ambako ndiko iliko Mtongwe, inapakana na Kaunti ya Kwale, na kaunti zote mbili zimo katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Ada ikiwa moja pande zote mbili, kampuni itaona soko refu zaidi ya wadi yenu.

Waifai ya sokoni nisingeiweka mbele. Serikali ya taifa tayari iliahidi vituo 25,000 vya waifai ya umma na kituo cha kidijitali katika kila wadi, wadi 1,450 nchi nzima, 30 zikiwa Mombasa. Basi muulizeni mwakilishi wenu wa wadi: cha kwetu ni jengo gani, na bili ya kila mwezi analipa nani? Kununua ruta, kifaa cha kurusha waifai, ni rahisi. Ikizima Ijumaa jioni na hakuna mwenye jukumu la kuiwasha, basi tena.

Kuna jambo linalowala pesa kuliko bando. Chukua mama anayetafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kijana wa saiba alimfungulia akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa barua pepe ya huyo kijana mwenyewe, na namba ya simu iliyowekwa ni ya mume, ambaye ni baharia. Leo nenosiri limesahaulika, na kijana kahamia Mtwapa. Nambari ya siri ya kulibadilisha yatumwa kwa laini ambayo iko melini, nje ya mawimbi. Hapo hata faiba ya mlangoni haimsaidii.

Kwa hiyo ombi lenu la kwanza, kwa maoni yangu, liwe mtu: mhudumu anayelipwa na kaunti, akae maktaba au ofisi ya wadi siku zinazojulikana, amfungulie kila mmoja akaunti kwa laini yake mwenyewe, na asibaki na nenosiri wala picha ya kitambulisho cha mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 iko upande wenu. La pili, huduma za kaunti zenyewe, kama leseni ya biashara, zibaki na dirisha la karatasi. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma nyingi zikakwama kwa siku kadhaa.

Andikeni ukurasa mmoja, mtaje jengo na barabara kwa majina, mgongewe muhuri kwenye nakala yenu. Kisheria mpango wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Mwezi Aprili rudini na nakala hiyo mkaulize ombi lenu limetengewa shilingi ngapi.