Simu, raba na presha yangu

Desemba 2021 nilipimwa presha mara tatu ndani ya wiki mbili, na mara zote namba ya juu ilivuka 150. Daktari aliniandikia dawa, akaniambia nipunguze chumvi, nipunguze uzito na nianze kutembea. Nilikuwa na miaka 44 na kilo 91. Kazi yangu ni ya kukaa, na nikitoka kazini nakaa tena kwenye daladala saa moja na nusu mpaka nifike Segerea. Mama yangu alipata kiharusi akiwa na miaka 58. Nililala na hesabu hiyo kichwani usiku mzima: 58 kutoa 44.

Malengo ya mwaka mpya sikuwa mgeni nayo. Kila Januari nilikuwa nayaandika, na kila Februari yalikuwa yameshazimika. Safari hii nilianza pale wengi wetu tunapoanzia siku hizi, kwenye simu, na nilianza vibaya.

Ndani ya siku mbili nilikuwa nimepakua programu sita. Moja ya hatua, moja ya maji, moja ya kufunga kula, moja ya kalori, na mbili za mazoezi. Simu ikawa inalia kutwa, kila moja inanidai kitu chake. Juu ya hapo nikafuata video za siku 30 za kuondoa kitambi, za kuruka na kuchuchumaa. Siku ya nne goti likavimba, nikakaa wiki mbili bila kufanya lolote. Nawaomba wenzangu wenye uzito kama niliokuwa nao: video yoyote inayoanza na kuruka, ipisheni. Binti anayeruka pale hajabeba kilo zako, na goti lake si lako.

Kilichoniokoa ni mpango mmoja wa zamani unaoitwa Couch to 5K, yaani kutoka kwenye kochi mpaka kilomita 5. Ulitungwa mwaka 1996 na Mmarekani Josh Clark kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kukimbia, na baadaye NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, ikausambaza bure. Ni wa wiki 9, siku 3 kwa wiki. Wiki ya kwanza unatembea kwa kasi dakika 5, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, unarudia hivyo kwa dakika 20. Basi. Nilimwonyesha daktari, akaniruhusu. Sikuhitaji hata programu yake. Nilinakili wiki zote 9 kwenye daftari, nikatafuta kwenye simu saa ya vipindi inayolia muda wa kubadilisha ukifika, ambayo haili bando kabisa.

Sekunde 60 ukizisoma ni kidogo. Mzunguko wa nne, alfajiri, na kilo 91, nilikuwa natweta mpaka kifua kinawaka. Wiki ya 5 ina siku ya tatu inayokutaka ukimbie dakika 20 mfululizo, na mimi niliiogopa, nikarudia wiki ya 4 mara tatu kabla ya kuigusa. Mpango wa wiki 9 ulinichukua wiki 17. Hakuna aliyenidai wiki zile nane za ziada, na siku nilipokimbia dakika 30 bila kusimama nilikaa kwenye ngazi za nyumba yangu nikalia.

Niseme na hili la hatua 10,000, maana limewavunja wengi moyo. Namba hiyo haikutoka maabara. Ilitoka Japani, ambako mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ilianza kuuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 16,000, wastani wa umri wao miaka 72. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango kidogo kuliko waliotembea 2,700, na nafuu iliendelea kuongezeka mpaka karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Nilipoisoma nikabadilisha lengo kwenye simu kutoka 10,000 hadi 6,500. Kabla ya hapo nilikuwa nalala kila siku kama mtu aliyeshindwa.

Kwenye chakula, programu za kalori zilinichosha haraka. Zinajua kila aina ya mkate wa Ulaya, lakini ukiandika kisamvu cha nazi zinababaika. Ndipo nikapata majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania, yaliyotolewa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Chakula na Lishe, chuo cha Muhimbili na chuo cha Harvard. Yako kwa Kiingereza na ni ya bure. Dona imo, na mboga zetu zimo. Nilikaa nayo jioni mbili na kalamu, na hapo nikagundua kwamba nilikuwa nauonea ugali. Tatizo lilikuwa mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina karibu kalori 120, na mimi nilikuwa namimina kwa macho. Siku nilipoamua kupima, mchicha wa watu wanne uliingia vijiko saba. Tulishuka mpaka vitatu taratibu, kijiko kimoja kila wiki mbili, na watoto hawakusema kitu. Chumvi ilikuwa ngumu zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyojificha kwenye vile vipande vya viungo vya mchuzi. Nyumbani kwangu vile vipande havinunuliwi tena. Baada ya hapo nikaifuta programu ya kalori.

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Simu hiyohiyo iliyoniletea majedwali yale iliniletea pia sauti za kwenye WhatsApp za watu wasiojulikana, wakisema kunywa maji ya kitunguu saumu na limau na uache dawa za presha. Jirani yangu aliacha dawa kwa ushauri wa namna hiyo, na leo anatembea akiburuta mguu wa kulia. Anayekushauri uache dawa ya daktari na hapohapo ana chupa ya kukuuzia, mfute. Mimi dawa naendelea kumeza. Desemba 2022 presha ilisoma 128 kwa 82, kilo zilikuwa 82, na kuhusu dozi aliyeamua ni daktari.

Bando nalo lina utaratibu wake. Video napakua kazini penye Wi-Fi, kwa ubora wa chini, maana sihitaji kuona vinyweleo vya mwalimu. Nina tatu tu ambazo hazitoki kwenye simu: moja ya mwalimu wa mazoezi wa Marekani, Leslie Sansone, ya kutembea ukiwa ndani ya nyumba, kwa ajili ya masika, na mbili za kunyoosha mgongo. Zimenivusha Aprili mbili za mvua na matope.

Dada zangu mnaokimbia peke yenu, chungeni ramani. Programu za kurekodi mbio kama Strava huchora njia yako kuanzia mlangoni kwako. Mwaka 2018 ramani yake ilianika njia za askari wa Marekani waliokuwa wakikimbia ndani ya kambi zao. Kama askari walianikwa, mimi wa Segerea je? Ingia kwenye mipangilio, ficha mwanzo na mwisho wa njia, na usiwaonyeshe usiowajua saa unazotoka.

Mwisho niwaambie kuhusu siku zangu mfululizo. Programu yangu ya hatua ilikuwa ikihesabu siku nilizotimiza lengo bila kukosa, na Agosti 2022 nilifika 143. Kisha tukafiwa na mama mkwe, nikaenda Iringa siku tisa. Niliporudi namba ilikuwa sifuri. Siwezi kueleza vizuri sifuri ile ilinifanya nini. Niliitazama nikaona kama sijawahi kufanya chochote, na wiki tano sikuvaa raba.

Tulikuwa na kundi letu la WhatsApp, wanawake kumi na mmoja wa mtaani, lenye masharti mawili: unatuma picha ya raba zako kabla hujatoka, na hakuna kutuma kitu kingine chochote, si matangazo wala picha za maua za kutakiana asubuhi njema. Tulikubaliana dakika 150 za mazoezi kwa wiki, kile kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani, kila mtu azigawanye anavyoweza. Wiki zile tano niliona picha za raba za wenzangu zikipita, nikazima mlio wa kundi.

Ndipo akapiga simu fundi cherehani wa mtaa wa pili, mama wa miaka zaidi ya 60, mkubwa kuliko sote kundini. Hakuuliza nilikuwa wapi. Alisema, "Mwanangu, kesho nakupitia." Nikamwambia goti linasumbua. Akasema, "Basi tutatembea." Usiku ule niliingia kwenye mipangilio nikazima hesabu ya siku mfululizo, na sijaiwasha tena. Saa 11 na nusu alfajiri alikuwa getini, na raba zake zile nyekundu, ananisubiri.