Probesheni imeisha, rekodi bado ipo: maswali kutoka California

Maswali haya yote yanahusu kufutiwa hatia za makosa madogo yaliyohukumiwa katika mahakama za jimbo la California. Kila jimbo la Marekani lina sheria yake, kwa hiyo msomaji aliye Texas au Minnesota asiyatumie.

Nilitiwa hatiani kwa wizi mdogo dukani, nikapewa probesheni, yaani kifungo cha nje chini ya uangalizi, ya mwaka mmoja. Nimeimaliza. Naanzia wapi?

Kabla ya kujaza fomu yoyote, jua kwanza kilichoandikwa juu yako. Omba kwa karani wa mahakama iliyokuhukumu kumbukumbu ya kesi, kisha omba rekodi yako ya Idara ya Sheria ya jimbo. Hii ya pili unaipata kwa kupigwa alama za vidole kwenye mashine ya Live Scan. Ada ya idara ni dola 25, na anayekupiga alama hutoza ya kwake juu yake. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe hizo 25.

Usiruke hatua hii. Tangu Julai 2022 jimbo limekuwa likifuta lenyewe baadhi ya hatia za kuanzia 1 Januari 1973, bila mtu kuomba, hivyo huenda yako imeshafutwa. Lakini mfumo huo unategemea kilichomo kwenye kompyuta. Taarifa ikikosekana, kesi inapitwa.

Ukikuta hatia bado ipo, jaza ombi, fomu CR-180, chini ya kifungu 1203.4 cha Kanuni ya Adhabu ya California. Ambatisha CR-181, ambayo ni amri ya kusainiwa na jaji. Namba ya kesi, tarehe ya hukumu na namba ya kifungu ulichovunja zifanane na kumbukumbu ya mahakama herufi kwa herufi. Tarakimu moja ikikosewa, karatasi zinakurudia. Toa nakala mbili, yako na ya mwendesha mashtaka, ambaye lazima apewe taarifa siku 15 kabla jaji hajakubali ombi. Mahakama nyingine humpelekea zenyewe, nyingine zinakuachia wewe. Muulize karani.

Sharti jingine: siku unayoomba usiwe na kesi mpya, usiwe kwenye probesheni nyingine, wala usiwe unatumikia adhabu.

Nilikosa kuripoti mara mbili, na bado nadaiwa fidia ya mlalamikaji. Nimeshapoteza nafasi?

Hujaipoteza. Aliyetimiza masharti yote, au aliyeachiliwa mapema, jaji hana budi kumkubalia. Aliyevunja sharti huomba kwa maslahi ya haki, na hapo uamuzi ni wa jaji. Wengi huangukia hapa: wanaweka alama kwenye kisanduku cha "nimetimiza yote", mwendesha mashtaka anatoa ripoti ya afisa wa probesheni, ombi linakataliwa. Weka alama panapostahili, kisha andika maelezo kwenye fomu MC-031.

Maelezo yenye nguvu huwa mafupi na yana ushahidi. "Nimebadilika, naomba nafasi" haimpi jaji cha kushika. "Nilikosa kuripoti Machi na Aprili kwa sababu nilikuwa zamu ya usiku, tangu hapo sijakosa, barua ya msimamizi wangu wa kazi imeambatishwa" inampa.

Kuhusu fidia, tangu 2023 ombi halikataliwi kwa sababu hujaimaliza kulipa. Deni lenyewe linabaki.

Hatia ikishafutwa, mwajiri akiuliza nijibu nini?

Elewa kwanza kinachofutwa. Ukiri wako wa kosa unaondolewa, shtaka linatupwa, lakini faili haliteketezwi: rekodi itaonyesha kesi ilikuwepo na ikafutwa. Mwajiri wa kawaida wa sekta binafsi haruhusiwi kukuuliza juu ya hatia iliyofutwa hivi wala kuitumia dhidi yako. Polisi na baadhi ya vituo vya afya wana sheria zao.

Hata ambaye hajafutiwa ana kinga. Tangu 2018, mwajiri mwenye wafanyakazi watano au zaidi haulizi habari za makosa mpaka akupe ahadi ya kazi. Akitaka kuiondoa ahadi, akuandikie na akupe angalau siku tano za kazi kujibu. Zitumie: mpelekee nakala ya amri ya jaji yenye muhuri wa mahakama. Omba nakala kadhaa siku hiyohiyo, maana kampuni zinazowakagulia waajiri rekodi za waombaji kazi hukaa na taarifa za zamani, na utahitaji kuzipelekea nazo nakala ili zirekebishe.

Nataka kutunza wazee kwenye nyumba za malezi.

Hapa amri ya jaji peke yake haitoshi. Leseni za nyumba hizo ziko chini ya Idara ya Huduma za Jamii, na kwa sheria yake hatia iliyofutwa bado huhesabika. Msamaha wa idara, yaani ruhusa ya kufanya kazi huko licha ya hatia hiyo, lazima uombwe na upatikane kabla hujaanza kazi. Amri ya kufutiwa inasaidia sana katika ombi hilo, basi anza na hiyo.

Sina uraia. Nikifutiwa, uhamiaji nao watasahau?

Hapana, na hili tunalisisitiza kwa sababu limeponza watu. Kwa sheria ya shirikisho, hatia iliyofutwa kwa 1203.4 bado ni hatia. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza hata yaliyofutwa. Ukiyaficha, uongo huo unakuwa tatizo jipya. Kama ulikiri kosa bila kuelewa madhara yake kwa ukaazi wako, kuna njia nyingine: kifungu 1473.7 cha kanuni hiyohiyo ya California, kilichoanza 2017, kinachoweza kutengua hatia kwa kasoro ya kisheria. Hiyo usiifanye bila wakili anayejua jinai na uhamiaji kwa pamoja, na usisafiri nje ya nchi kabla hajaisoma kesi yako.