Nendeni, ila tazameni mwezi kwanza

Dada yangu, umeuliza kama ni busara kuwapeleka watoto wa miaka 2 na 5 ufukweni Kigamboni, ng'ambo ya Dar es Salaam, kesho, bila maandalizi. Nendeni! Vukeni na pantoni asubuhi mapema; kwa watoto, pantoni peke yake ni sherehe. Ila tazameni mwezi. Ukiwa mpevu au umeandama tu, ni bamvua: maji hupwa mbali kisha hujaa kwa nguvu, takriban saa 6 toka kupwa hadi kujaa. Wacheze kwenye vidimbwi maji yakiwa yamepwa, na yakianza kurudi watoeni. Huyo mdogo awe karibu, mkono wako umfikie muda wote. Saa nne jua linachoma, hamieni kivulini. Bebeni maji ya kunywa, kanga mbili, na chapati za leo usiku.